Sanduku la Kibaha na Sanduku la Kisarawe: Inverta ya Sola Inapunguzwa Bei Wapi?

Mama mdogo wangu ana duka Maneromango, ndani kabisa ya Kisarawe. Anauza vitu vya kawaida vya dukani, lakini hela yake hasa inatoka kwenye friji mbili za barafu na samaki. Mwaka jana alifungiwa paneli za sola za kilowati 3 juu ya bati, pamoja na inverta inayoungana na umeme wa TANESCO. Wiki ya pili tu akanipigia simu, saa saba mchana, mimi nikiwa kwenye foleni ya kantini.

"We mtoto, si ndiyo unasomea umeme? Hebu niambie. Jua linachoma mpaka kuku wamejificha chini ya gari, na huu mtambo umezima. Jioni jua likilegea unawaka wenyewe. Ndiyo sola gani hii?"

Niseme ukweli, sikuwa na jibu. Nilikuwa mwaka wa tatu, elektroniki za nguvu nimefaulu vizuri tu, na ushauri wangu wa kitaalamu ukawa: "Mama, zima halafu washa." Akazima, akawasha. Haikusaidia kitu.

Miezi michache baadaye mvua ya radi ikapita na bodi ya udhibiti ya ile inverta ikaungua. Misuli yote ilikuwa mizima: transista, koili, kapasita. Kilichokufa ni kibodi cha kijani chenye ukubwa wa daftari dogo. Tukazunguka Kariakoo. Wengi walisema bodi haiuzwi peke yake, na mmoja aliyekubali kuagiza alitaja bei ambayo ukiongeza kidogo unachukua inverta mpya. Hapo ndipo mradi wetu wa mwaka wa mwisho ulipozaliwa, mimi na mwenzangu mmoja: je, ubongo wa inverta unaweza kutengenezwa kwa bei ndogo, kwa vipuri vinavyopatikana hapa hapa, bila kuwa bomu?

Nitaeleza kwa namna ambayo hata mtu wa sheria au ualimu atanifuata. Wahandisi wenzangu mtanivumilia pale nitakapokata kona.

Paneli inatoa mkondo mnyoofu, kama betri. Gridi yetu ni mkondo geu, volti 230, unapanda na kushuka mara 50 kwa sekunde. Ndani ya inverta kuna transista nne zinazowaka na kuzima maelfu ya mara kwa sekunde, zikikatakata ule mkondo mnyoofu kuwa vipande vya upana tofauti. Halafu kuna kichujio, yaani koili na kapasita, kinachovilainisha vile vipande vikawa wimbi safi. Hiyo ndiyo misuli. Ubongo kazi yake ni kuamua kila transista iwake lini, na kabla ya kuamua lazima ujue gridi iko wapi kwenye mdundo wake.

Waliokulia upande wetu wa Pwani watanielewa nikisema mdundiko. Ngoma ikipita mtaani na wewe unataka kuingia, huanzi kurusha miguu tu. Unasikiliza kwanza, unashika mdundo, ndipo unaingia na watu wanakupisha. Inverta nayo inasikiliza volti ya gridi, inajenga mdundo wake wa ndani unaolingana na ule wa nje, halafu ndiyo inaanza kusukuma mkondo. Sehemu hiyo ya programu inaitwa PLL. Ikikosea mdundo, mkondo unaingia upande usiotakiwa na transista zinapasuka kwa mlio ambao ukishausikia mara moja hauusahau. Tulipasua sita.

Sasa, kila mtu aliyewahi kutengeneza inverta ya mradi ameitengenezea maabara, na maabara ina umeme mzuri. Maneromango siyo maabara. Kwa hiyo kabla ya kununua hata resista moja, tulienda kupima gridi yenyewe, na kifaa chetu kikuu kilikuwa birika la umeme la wati 2,000.

Njia ni rahisi, unaweza kuifanya hata geto kwako. Pima volti kwenye soketi birika likiwa limezimwa. Washa birika, pima tena. Volti zilizoshuka, gawa kwa ampia zinazoingia kwenye birika, unapata ukinzani wa njia nzima kutoka kwako hadi kwenye transfoma na kurudi. Nyumbani kwa baba, Maili Moja, Kibaha, transfoma iko hatua chache kutoka getini. Volti zilishuka kutoka 236 hadi 234. Hizo ni kama ampia 9 kwa volti 2, sawa na omu 0.22 hivi.

Kisha tukapanda daladala kupitia Gongo la Mboto na Pugu, tukapita Kisarawe mjini, tukafika Maneromango jioni. Duka la mama mdogo liko karibu mita 900 kutoka kwenye transfoma, na waya ni wa alumini. Birika likawaka, na voltimita ikashuka kutoka 217 hadi 208. Tukagawa: omu 1.14. Mara tano ya Kibaha. Birika lenyewe lilichukua muda mrefu mpaka mama mdogo akauliza kama tumekuja kupima umeme au kumalizia LUKU.

Birika halikuonyeshi kila kitu. Linakupa ukinzani, ila tabia ya koili iliyomo kwenye waya mrefu na transfoma ndogo halikuambii. Hiyo tuliikadiria kwa urefu wa laini na ukubwa wa transfoma, tukapata karibu milihenri 1 kwa Maneromango, na kidogo sana kwa Kibaha.

Hatukuunganisha inverta yetu kwenye laini ya TANESCO, si Kibaha wala Kisarawe, na nawaomba msijaribu. Tulichofanya ni kurudi chuoni na kutengeneza masanduku mawili ya waya na koili. Sanduku la Kibaha lina omu 0.22. Sanduku la Kisarawe lina omu 1.14 na milihenri 1. Nyuma yake tukaweka transfoma ya kutenganisha, na upande huo huo majiko mawili ya umeme yameze kila tunachozalisha, ili hata wati moja isitoke nje ya maabara. Inverta yetu ya mfano ilikuwa ya wati 500. Ukitaka kujua itakavyofanya kijijini, unahamisha plagi tu.

Baada ya hapo tukaanza kubana matumizi.

Chipu ndiyo sehemu rahisi. Kampuni kama Texas Instruments zinatengeneza chipu maalumu kwa kazi hii, nzuri sana, ila bodi zake za mazoezi ni ghali na ukiunguza moja unasubiri wiki kadhaa. Sisi tulichukua STM32F103, ambayo vijana wengi wa roboti mnaijua kwa kibodi chake cha bluu. Bei yake ni kama sahani tatu nne za chipsi mayai. Inapiga hatua milioni 72 kwa sekunde, inatosha, lakini ina ulemavu mmoja: haina kikokotoo cha namba za desimali ndani yake. Ukiiambia izidishe 0.73 kwa 1.18, inafanya kwa kuzunguka sana, kama mtu anayezidisha kwa vijiti. Udhibiti wetu ulikuwa unarudiwa mara 16,000 kwa sekunde, na kila mzunguko ulikula zaidi ya asilimia 90 ya muda uliokuwepo. Chipu ilikuwa inahema.

Kwa toleo la kwanza tuliiacha hivyo hivyo. Kwenye sanduku la Kibaha ilienda vizuri: wimbi safi, mdundo umekaa, tukapiga picha tukamtumia msimamizi wetu. Kesho yake tukahamisha plagi kwenda sanduku la Kisarawe. Inverta ikaanza kupiga kelele, mlio mwembamba kama mbu aliyefungiwa kwenye debe, na ndani ya sekunde moja kinga ikakata. Washa tena, mlio ule ule. Programu ni ile ile, vipuri ni vile vile, kilichobadilika ni milihenri 1 ya koili.

Hapa naomba nitulie kidogo, maana ndipo palipotugharimu wiki tano na usingizi mwingi.

Kichujio cha koili na kapasita kina tabia ya pembea. Ukikisukuma kwa mwendo anaoupenda, kinachukua na kuzidisha. Cha kwetu kilikuwa na koili ya milihenri 2 upande wa inverta, milihenri 1 upande wa gridi, na kapasita ya mikrofaradi 4.7 katikati. Ukikokotoa, mwendo wake ni hezi 2,840 hivi. Lakini gridi nayo ni sehemu ya pembea. Ukiunganisha milihenri 1 ya Kisarawe, mwendo unashuka hadi kama hezi 2,320. Pembea ile ile, kamba imerefushwa.

Kwa kawaida ubongo ndio unaozuia pembea isizidi: unapima mkondo, unaona unapanda, unausukuma kinyume. Tatizo ni kwamba ubongo wa kidijitali unachelewa. Unapima, unakokotoa, ndipo unatenda, na kwa hesabu ya kawaida unachelewa hatua moja na nusu. Kwa mambo yanayokwenda taratibu, hatua moja na nusu si kitu. Kwa mwendo ulio moja ya sita ya kasi ya kupima, hatua moja na nusu ni robo kamili ya mzunguko, na kuanzia hapo maana ya msukumo inageuka. Ni sawa na mtu anayetaka kusimamisha pembea ya mtoto lakini mikono yake inachelewa: badala ya kuizuia, anaisukuma iende juu zaidi.

Kwetu kasi ilikuwa 16,000, kwa hiyo mpaka ulikuwa hezi 2,667. Sensa yetu ya mkondo tuliiweka upande wa gridi, kama vitabu vingi vinavyochora, na sensa ikikaa upande huo mfumo unatulia pale mwendo wa pembea ukiwa juu ya mpaka. Kibaha: 2,840, juu ya mpaka, salama. Kisarawe: 2,320, chini ya mpaka, kelele. Inverta nzima ilikuwa sahihi kwa mteja wa karibu na transfoma na mbovu kwa mteja wa mwisho wa waya. Na wateja wa mwisho wa waya ndio wanaohitaji sola kuliko wote.

Dawa ya vitabuni ni kuongeza sensa ya pili kwenye kapasita ili ubongo uone pembea moja kwa moja. Inafanya kazi, ila ni sensa nyingine, na sensa za mkondo ni kati ya vitu vinavyokula bei ya bodi. Sisi tuliihamisha ile moja tuliyonayo, sentimita kumi hivi kwenye bodi, kutoka upande wa gridi kwenda upande wa inverta. Sensa ikikaa huko sharti linageuka: mfumo unatulia pembea ikiwa chini ya mpaka. Tukapandisha kasi ya kupima hadi 20,000, mpaka ukawa hezi 3,333. Kibaha iko chini yake, Kisarawe iko chini yake. Faida ya juu yake ni kwamba sensa ikiwa pale inaona mkondo unaopita kwenye transista zenyewe, kwa hiyo inafanya na kazi ya ulinzi. Sensa moja, kazi mbili.

Kumbukeni lakini kwamba chipu ilikuwa inahema kwa 16,000. Ili ifike 20,000 ilibidi tuiondolee desimali kabisa. Namba 0.5 ikawa 16,384, na 1 ikawa 32,768, kila kitu kwa namba nzima, kama mwenye duka anayehesabu kwa senti ili asisumbuke na nukta. Badala ya kukokotoa sine kila mara, tukaiwekea jedwali, kama vile vitabu vya majedwali tulivyobeba kidato cha nne. Muda uliotumika ukashuka chini ya nusu. Tukashangilia. Nitarudi kwenye hizi namba nzima baadaye, maana zilitaka kutuletea balaa.

Sensa nyingine tuliyoiondoa ni ya mkondo wa paneli. Inverta inahitaji kujua paneli zinatoa nguvu nyingi zaidi zikiwa kwenye volti gani, na kwa kawaida inapima volti na mkondo, inazidisha, inajaribu juu na chini. Lakini kinachoingia ndicho kinachotoka, ukitoa joto kidogo. Volti ya gridi haibadiliki sana ndani ya sekunde moja, kwa hiyo ukubwa wa mkondo tunaosukuma kwenda gridini tayari unatuambia nguvu ya paneli. Namba hiyo ubongo unayo. Kwa nini uinunue mara ya pili?

Turudi kwa mama mdogo na saa saba yake mchana. Jibu lilikuwa ndani ya omu 1.14 muda wote. Mchana Maneromango watu wako shamba na mizigo ya umeme ni michache, volti zilikuwa 241 kabla ya sola kuanza. Transfoma imepangwa juu makusudi ili jioni wa mwisho wa waya wapate angalau 208. Paneli zikifika kilowati 3 na friji zimetulia, inverta inasukuma ampia 13 kurudi kwenye laini. Ampia 13 kwa omu 1.14 ni volti 15. Jumla 256. Inverta ile, kama nyingi, ilipangwa kujitoa ikifika 253, asilimia 10 juu ya 230. Kwa hiyo ilikuwa inajizima kwa sababu ya umeme wake yenyewe! Jua kali ndilo lililoizima.

Dawa yake haina gharama ya kipuri hata kimoja. Badala ya kukata ghafla kwenye 253, programu yetu inaanza kupunguza wati taratibu volti zikivuka 246. Kwenye laini ile ingetulia karibu na 250, ikitoa kama kilowati 2 badala ya sifuri. Wengine watasema tumia nguvu tendanishi, ndiyo njia ya kisasa. Tulipiga hesabu: laini za volti ndogo ukinzani ndio unaotawala, kilovari nzima inashusha kama volti 1.3 tu. Haitoshi hata kubishania.

Kulikuwa na jambo jingine kwenye duka lile ambalo fundi aliyefunga hakulisema. Kurudisha umeme gridini kunataka makubaliano na TANESCO na mita inayohesabu pande zote mbili. Mama mdogo alikuwa na mita ya LUKU ya kawaida, na baadhi ya mita za aina hiyo huhesabu umeme unaotoka kama ulioingia. Yaani anazalisha, anawapa majirani, na uniti zake zinakatwa. Alikuwa ameshaanza kumshuku mpangaji wake kwamba anachaji pikipiki usiku.

Mara nyingi nikieleza haya mtu ananiuliza: si tuna Bwawa la Nyerere, megawati 2,115, mradi uko Pwani hii hii, sola ya nini? Bwawa linamaliza uhaba wa umeme kwenye gridi. Haliondoi omu 1.14 kati ya transfoma na friji ya mama mdogo. Hayo ni matatizo mawili, na tumezoea kuyaita jina moja.

Upande wa masafa tulijifunza kwa Wajerumani. Huko sheria za zamani ziliagiza inverta za sola zijizime masafa yakifika hezi 50.2. Zilipokuwa chache haikuwa shida. Zilipofikia mamilioni ya paneli, wakagundua kwamba siku masafa yakigusa 50.2, sehemu kubwa ya umeme wa nchi itaondoka kwa pamoja na gridi inaweza kuanguka. Mwaka 2012 wakatoa kanuni ya kurekebisha mitambo zaidi ya laki tatu iliyokwisha kufungwa juu ya mapaa ya watu. Marekebisho yenyewe ni kupunguza nguvu taratibu badala ya kukata. Kwetu inverta bado ni chache, kwa hiyo kupanga vizuri leo ni mistari michache ya programu. Tukisubiri itakuwa ni kupanda bati kwa bati.

Sasa kuhusu mahali tulipokataa kupunguza.

TANESCO wakikata laini ili fundi apande nguzo, inverta zote zilizoungana nayo zinatakiwa kuondoka. Isipoondoka, na mizigo ya mtaa ikalingana na inachozalisha, kunabaki kisiwa: mtaa mdogo unaowaka wenyewe wakati gridi imezimwa. Na transfoma haijui mbele wala nyuma. Ukiipa volti 230 chini, inatoa maelfu ya volti juu, kwenye waya ambao fundi ameambiwa umekufa. Jirani yetu Maili Moja alifanya kazi za laini kwa miaka mingi. Nilipomsalimia na kumweleza mradi, hakuniuliza habari ya bei. Alisema, "Mwanangu, mimi waya naamini umekufa nikishaufunga ethi mwenyewe. Lakini siku moja utachoka, utasahau. Hiyo siku ndiyo hicho kidude chako kisiwe kimewasha."

Kugundua kisiwa kwa kuangalia volti na masafa tu hakutoshi, kwa sababu mizigo ikilingana na uzalishaji, volti na masafa havitikisiki. Kwa hiyo inverta inajaribu kuyasukuma masafa kidogo, muda wote. Gridi ikiwepo ni sawa na kusukuma treni ya SGR kwa kiwiko, hakuna kinachosogea. Gridi ikiondoka, masafa yanaanza kuteleza, inverta inaona yanateleza, inasukuma zaidi, mpaka yanatoka nje ya mipaka na inakata. Kiwango cha IEEE 1547 kinataka iwe imeondoka ndani ya sekunde 2.

Tulitengeneza mzigo uliopangwa kumeza kile kile inverta inachotoa, hali mbaya kuliko zote, tukakata gridi mara thelathini. Mara nyingi iliondoka ndani ya nusu sekunde. Mara tatu ilichukua zaidi ya sekunde na nusu. Mara moja haikuondoka kabisa. Tulikaa tunaangalia ile balbu inawaka, gridi hakuna, mwenzangu akaenda kuchomoa kwa mkono.

Sababu ilikuwa namba nzima. Ule msukumo wa masafa huanza ukiwa mdogo sana, na katika hesabu zetu za 32,768 ulikuwa mdogo kuliko 1, kwa hiyo ulikatwa ukawa sifuri. Akiba tuliyoipata kwenye chipu ilikuwa imepita kimyakimya, bila mtu kuiona, ikaenda kula kinga ya fundi wa nguzo. Kwenye sanduku la Kibaha na la Kisarawe kila kitu kilionekana kizuri, na ripoti ingeandikwa na tungepata A yetu. Tulirekebisha kwa kuiacha sehemu ya masafa peke yake itumie namba ndefu za biti 32, tukarudia majaribio mara mia moja. Ndefu kuliko zote ilikuwa sekunde 0.6.

Baada ya hapo mabishano yetu yaliisha. Rilei za kukatia ni mbili, moja nyuma ya nyingine, ili mguso wa moja ukiganda nyingine ikate. Mwenzangu aliwahi kutaka iwe moja, na kwa bei alikuwa sahihi. Sensa ya mkondo unaovuja kwenda ardhini ipo, hatuiondoi. Kinga ya radi ipo, mama mdogo ndiye shahidi. Ukijumlisha, karibu nusu ya fedha ya vipuri vya bodi yetu imeenda kwenye vitu ambavyo siku ya kawaida havifanyi chochote.

Mama mdogo alinunua inverta nyingine ya dukani. Tulimwita fundi, tukaifungia kile kiduara cha kupima mkondo kwenye waya wa mita ili isirudishe umeme nje, na tangu hapo saa saba inawaka na LUKU imetulia. Mpangaji ameombwa radhi. Kila nikienda ananiuliza ile yako utaniletea lini, mwanangu. Namwambia bado, haijapimwa na wanaotakiwa kuipima. Kwa sasa iko kwenye boksi la plastiki chini ya bati la banda la kuku la baba, Kibaha, tumeiunga kwenye benchi yake ya majaribio, tunataka kuona kapasita zitasemaje joto la Februari.